Jina la Mdogo Wangu Halitoki Kwenye Wimbo

Vijana wanaokuja kibandani kwangu kuniuliza namna ya kuanza muziki huwa nawauliza kwanza swali moja: wimbo wako uko wapi? Wakinijibu kwamba uko kwa produsa, naendelea kushona. Wakinijibu kwamba uko kwenye simu ya patron fulani, tajiri anayewafadhili, nawaonyesha njia waliyojia. Lakini akija mmoja akanitolea flashi mfukoni, ndani yake kuna sauti yake peke yake, gitaa peke yake na ngoma peke yake, huyo namsogezea kiti, naagiza chai, tunaanza kuzungumza.

Wananiita mkali. Ni kweli, mimi ni mkali. Nashona magauni hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kando ya barabara ya sokoni, na ninaimba, na kazi zote mbili zimenifundisha kwamba ukimwachia mtu kitambaa chako bila kumwangalia anavyokikata, utarudi ukikute kimeshakuwa sketi ya mtoto wake. Habari za kipaji sitaki kuzisikia. Kambi hii imejaa vipaji. Ukirusha jiwe utampiga mpiga gitaa. Kinachotupungukia ni ubishi. Tumezoea kushukuru kabla hatujaangalia tulichopewa.

Wimbo ulionifundisha ubishi ni wa mdogo wangu wa kike. Jina lake siliandiki hapa. Limo ndani ya wimbo, anayelitaka akalisikilize huko.

Tulitoka Bukavu pamoja, mimi na yeye, tukafika Malawi tukiwa wawili tu wa nyumba yetu. Kwenye kwaya yeye aliimba sauti ya pili na alikuwa na masikio kuliko sisi sote. Nikitoka nje ya wimbo alinifinya kiunoni, mbele ya mchungaji, mbele ya kanisa zima, huku uso wake ukitabasamu kama mtu asiyejua lolote. Ndiye aliyenifundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni. "Weye unaimba na mabega, yaya," aliniambia, yaani dada mkubwa, "mabega haina sauti." Alifariki msimu wa mvua, malaria ikampanda kichwani, na nyumba ikabaki na mtu mmoja.

Sasa nieleze kitu ambacho mtu wa nje ya kambi huenda hakijui. Kila baada ya muda tunapanga mstari kuhesabiwa. Kijana mwenye kipaza sauti anasoma majina, familia baada ya familia, na kila anayeitwa anajibu "Iko!" Maana yake yupo, anaonekana, asifutwe. Watoto wetu wanacheza mchezo huo kabla hawajajua kusoma. Siku ile, baada ya msiba, nilisimama mstarini peke yangu. Jina langu likaitwa, nikajibu. Kisha likaitwa la mdogo wangu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelitoa bado.

Kimya. Akaliita tena. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Mama mmoja nyuma yangu akanigusa begani, kijana akaliita tena kwa sauti kubwa zaidi, na mwishowe nikatikisa kichwa tu. Akaelewa. "Pepani, amayi," akaniambia, yaani pole mama, kisha akapiga mstari juu ya jina na kuendelea na familia iliyofuata. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi yake vizuri. Lakini mimi nilirudi nyumbani na ule mstari umenichora kifuani, na nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi.

Wimbo ulitoka kwenye cherehani. Pedali yangu ina kilema, inagonga, na mlio huo ndio ngoma ya kwanza niliyokuwa nayo. Nikawa nashona na kuuliza: yuko pampuni anasubiri maji? Yuko sokoni anachagua sombe, yale majani ya muhogo? Yuko kwenye kwaya, amesimama nyuma yangu? Kisha muziki wote unakatika. Gitaa linanyamaza, ngoma inanyamaza, naita jina lake peke yangu katika ule utupu, na kwaya inaitikia: Iko! Naita tena: Iko! Hivyo tu. Nilipouimba mara ya kwanza kwenye mazoezi, mama mmoja wa sauti ya pili, mkubwa wetu kwa umri ambaye sote tunamheshimu, alijifuta macho kwa kitenge akasema, "Sasa wamuhesabu."

Nikataka wimbo huo urekodiwe. Sikutaka simu iliyoegemezwa kwenye biblia kama tulivyozoea. Nilitaka studio.

Hapa lazima nieleze pia desturi ya kwetu, la sivyo hamtaelewa nilivyoingia shimoni kwa miguu yangu. Wakongomani tunarusha majina. Mwimbaji akifika mahali fulani kwenye wimbo, anataja jina la mtu mwenye mfuko wake, analivuta, analipamba, na mwenye jina anainuka kifua mbele, anakuja akicheza kukubandika noti kwenye paji la uso. Tunaita kutupa libanga. Siidharau desturi hiyo, imenilisha. Nimerusha majina kwenye harusi za Chilinde na ubatizo wa Area 18, huko mjini Lilongwe. Nimerusha ya wafanyabiashara, ya wachungaji, hata ya mng'oa meno. Najua kulivuta jina la mtu mpaka mwenyewe ashangae kwamba ni refu kiasi hicho.

Basi nilipohitaji studio nikamwendea mtu ambaye jina lake nilikuwa nimelirusha kuliko yote: mfanyabiashara wa kwetu Bukavu anayeishi Area 49, mmoja wa wachache waliobaki na karatasi za kukaa mjini wengine walipoamriwa kurudi kambini. Nitamwita patron, kwa sababu ndivyo anavyopenda kuitwa. Aliniketisha, akaniletea fanta, akauliza kama wimbo ni mzuri. Nikamwambia ni mzuri. Akasema studio atailipa yeye. Nikashukuru kwa mikono miwili, nikaondoka.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa letu sisi hasa. Kwetu makubaliano ya namna hii hayasemwi kwa mdomo. Kumuuliza mtu anayekusaidia "unataka nini?" ni kumtukana. Kwake kukuambia anachotaka ni kujishusha. Mnatazamana, mnacheka, mnaelewana kwa macho. Mimi kwa macho yangu nilielewa kwamba ananisaidia kwa sababu ni mtu wa nyumbani, na mdogo wangu alikuwa akimwimbia kanisani. Yeye kwa macho yake alielewa kwamba amenunua jina. Mmalawi yeyote angeuliza hapohapo, na fanta ingeisha kila mtu akijua lake. Ninawaambia vijana: ulizeni. Ulizeni hata kama mtaonekana hamna adabu. Haya ya dakika moja haijaua mtu.

Studio ilikuwa Area 18, chumba cha nyuma kwenye nyumba ya watu, kuta zimebandikwa trei za mayai. Produsa alikuwa kijana wa Kimalawi mwenye masikio mazuri na Kiswahili cha maneno machache, kubwa likiwa "weka tena". Nilikwenda na wenzangu wa sauti ya pili wachache, maana kwaya nzima haiingii kwenye minibasi, na ruhusa za kutoka kambini hatukuzipata wote. Tulikuwa tumefanya mazoezi hadi tukachoka, na hilo lilituokoa. Studio si mahali pa kuitafuta sauti yako, ni mahali pa kuiacha. Nimeona watu wanafika pale wanaanza kubishana nani aanze, saa inakwenda, na wanarudi na nusu wimbo.

Produsa alisema wimbo ni mrefu. Nikamkatalia. Akanichezea mwanzo wake, akaniangalia. Ulikuwa mrefu kweli. Nilikuwa nimezunguka pampu ile mara nyingi kupita haja. Tukakata. Kuhusu urefu, msikilizeni produsa, yeye anaona mlichokipenda mno. Lakini alipofika kwenye ule utupu akashtuka, akasogeza kiti. "Amayi, hapa muziki umepotea." Akadhani mashine imekata. Nikamwambia haujapotea, tumeunyamazisha. Akataka kuweka kinanda chini kidogo, watu wasidhani simu zao zimeharibika. Nikamwambia acha wadhani. Kuhusu maana ya wimbo, msimsikilize mtu.

Tulipomaliza alituchezea. Nilimsikia mdogo wangu anaitwa ndani ya spika nzuri, na wenzangu wanaitikia, na furaha niliyoipata siku hiyo sijui niifananishe na nini. Nikamwambia produsa nitafuata faili zangu. Minibasi ya mwisho ilikuwa inajaza, ruhusa yetu ilikuwa inaisha siku hiyohiyo, tukakimbia. Tukaimba njia nzima mpaka dereva akatuomba tupumzike.

Sikurudi wiki hiyo. Ruhusa haikutoka, na nilikuwa na sare za shule za kushona. Wiki nazo zikafuatana. Siku moja nilipanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, nikiwa na vitambaa mapajani. Huyo mwendesha baiskeli alikuwa amefunga spika ndogo kwenye usukani, na ghafla nikausikia wimbo wangu. Moyo uliruka. Nikamgonga mgongoni nimwambie huyu anayeimba ni mimi, wewe umembeba! Kabla sijasema, muziki ukakatika, ule utupu wetu ukaja, na sauti ya mwanamume nisiyemjua ikaita jina la patron. Wenzangu wakaitikia: Iko!

Nilishuka baiskeli ikiwa bado inatembea. Vitambaa vikaanguka kwenye vumbi, mwendesha kabaza akageuka akaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa ninaumwa. Sauti za wenzangu, zilizoitikia jina la mtu aliyezikwa hapa kwenye udongo wa Dzaleka, sasa zilikuwa zinamwitikia mtu aliyekaa Area 49 anakula kuku, ambaye hakuna aliyewahi kumfuta popote. Nikatafuta wimbo kwenye simu. Hata kule mtandaoni ulikuwa umewekwa kwa jina lake, na picha yake ya miwani.

Nilipopata ruhusa nikaenda kwanza kwa produsa. Hakujificha. Aliniambia aliyelipa alikuja na mwimbaji wake, akasema wimbo ni wake na kuna jina la kubadilisha, akabadilisha, akachukua kila kitu kwenye diski yake, na kompyuta ikasafishwa kupisha kazi nyingine. Kwa alivyojua yeye, aliyelipa ndiye mwenye kazi. "Wewe uliondoka hukusema kitu," akaniambia. Kwa hiyo nasema mpaka mchoke kunisikia: msitoke studio bila faili zenu. Minibasi iondoke. Ruhusa iishe. Laleni kwa mtu. Msitoke.

Kisha nikapanda kwenda Area 49.

"Mama, karibu, ikala," patron aliniambia, uso umechanua. "Uliisikia? Wimbo iko natembea! Banaicheza mpaka Bujumbura."

"Patron, jina ya mudogo wangu iko wapi?"

Akacheka, si kwa ubaya, kama mtu mzima anayemchekea mtoto aliyeuliza mvua inalala wapi. "Sikia, mama. Mufu hana bantu nyuma yake. Nani atanunua jina ya muntu mwenye hayuko? Mi niko nakusaidia. Jina yangu itabeba wimbo yako, itafika mbali."

"Mi sikukuuzisha ile nafasi."

"Ulikuja hapa kuomba nini? Studio. Nilitoa. Na unajua kwetu vile inaendaka: mwenye kutoa, anaitwaka."

"Ungeniuliza!"

"Na weye ungeniuliza."

Hapo alikuwa na haki, na ndicho kilichoniuma kuliko vyote. Nikasimama. Naye akasimama, akanishika bega kwa upole, akaniambia binti yake anaolewa. "Mukuje na chorale yote, nitatuma camion. Utaimba hii wimbo, na pale kwenye kimya utaita jina yangu weye mwenyewe, na sauti yako. Ile ya mwanaume haiko nzuri. Na yako, njo itakuwa kamili."

Nililia kwenye minibasi, ndiyo. Nililia kwa hasira, na abiria mmoja akanipa karanga. Kwenye mazoezi ya kwaya wengine walisema niende nikaimbe kama alivyotaka, maana jina ni jina tu, na patron alikuwa ametupa vitambaa vya sare mwaka uliopita. Wengine walisema tusiende kabisa. Mimi nikasema twende. Yule mama yetu wa sauti ya pili akanigeukia.

"Weye utaimba?" akauliza.

"Nitaimba."

"Jina ya nani?"

"Mama, utaisikia tu."

Akarudi kwenye kiti chake, akakohoa, akatuambia tuanze juu kidogo.

Harusi ilikuwa kubwa. Mahema yamefunika ua wote, viti vimevishwa nguo nyeupe, wakwe wametoka mpaka Blantyre. Lori lilitushusha alasiri, tukajipangusa vumbi nyuma ya ukuta, tukavaa sare. Nikarusha majina siku hiyo kama sijawahi kurusha maishani mwangu. Nililivuta la baba mkwe, la wajomba, la aliyekodisha viti. Nilibandikwa noti mpaka kwenye mashavu. La patron nililitaja katika kila wimbo mwingine, na nililipamba, kwa sababu hilo ni lake na alikuwa amelitolea jasho. Nataka hili lieleweke: sikwenda kumnyima mtu haki yake.

Kisha akanipa ishara. Tukaanza ule wimbo. Pampu, soko, kwaya. Watu walikuwa wakiujua, wakaanza kuimba nasi. Patron alikuwa ameshainuka mezani, kifungo cha koti kimefunguliwa, noti zimepangwa mkononi kama karata, anakuja akicheza taratibu na wageni wanampigia makofi. Muziki ukakatika. Akasimama mbele yangu, akanyanyua mkono.

Nikavuta pumzi kutoka tumboni, nikaliita jina la mdogo wangu.

Kimya. Nilisikia mwiko ukigonga sufuria huko nyuma jikoni. Mpiga gitaa alinitolea macho. Sijui ule utupu ulidumu muda gani. Kwangu ulikuwa ule ule wa mstarini. Kisha nyuma yangu, kulia, mahali ambapo mdogo wangu alikuwa akisimama, yule mama akaitikia peke yake, kwa sauti yake iliyokauka:

"Iko!"

Nikaita tena. Safari hii kwaya nzima. Nikaita tena, wakaitikia na watu wa Dzaleka waliokuja kwa ajili ya pilau, maana neno hilo hawafundishwi, wamelijibu miaka na miaka kwenye jua. Waliitikia na wapishi. Patron alikuwa bado amesimama mbele yangu, noti ziko hewani, hajui azibandike wapi. Kwa kuwa ni mtu anayejua kutazamwa, alimgeukia mpiga gitaa, akazibandika kwake moja baada ya nyingine akitabasamu, akarudi mezani.

Tulikutana nyuma ya hema.

"Umenitia haya mbele ya bakwe," alisema polepole.

"Jina yako niliimba leo kushinda ya bantu bote, patron. Na nitaiimba tena ukipenda. Lakini ile nafasi, hapana. Ile ina mwenyewe."

"Basi mi na weye tumemalizana."

"Tumemalizana."

Watu walisema nimeharibu harusi ya watu. Sikuharibu kitu. Watu walikula, wakabeba na vya nyumbani, bibi arusi alicheza hadi kisigino cha kiatu kikakatika. Walichokosa ni jina moja mara moja. Lakini nimelipa, sitaficha. Area 49 haijaniita tena, na nyumba kadhaa zinazomheshimu patron nazo hazijaniita. Kwaya haijapata kitambaa. Wako wenzangu ambao wakikaa na mimi bado wanaligusia jambo hilo kwa mbali, nami nawajibu kwa karibu.

Tukarekodi upya, hapahapa kambini. Tulipata kompyuta ya kuazima na mikrofoni moja, tukatundika magodoro ukutani kwenye chumba cha jirani. Shida ikawa chigayo, mashine ya kusaga mahindi, iliyo upande wa pili wa ua. Umeme ukiwepo inanguruma, huwezi kurekodi hata kikohozi. Umeme ukikatika inanyamaza, lakini studio gani inafanya kazi bila umeme? Yetu. Tulichaji betri ya kompyuta wakati chigayo ikisaga, tukakaa tukisubiri tumevaa viatu, na kila umeme ulipokatika, wakati Dzaleka nzima inasikitika, sisi tulipiga vigelegele na kukimbia kwenye magodoro. Wengine waliacha nsima, ugali wa huku, mezani. Betri ikiisha tunasimama, tunangoja umeme urudi, tunangoja ukatike tena. Bado tunafanya hivyo. Mtu akiniambia hawezi kufanya muziki kwa sababu umeme unakatika, namkaribisha aje asikie ni lini sisi tunafanya.

Wimbo wetu una jogoo ndani yake, kwenye ubeti wa sokoni. Tulimwacha. Nimeuweka mwenyewe mtandaoni, kwa akaunti yangu, na majina ya walioimba, wote. Faili ziko kwangu na kwa yule mama, kwenye flashi aliyoifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye sanduku la chumvi, sababu anaijua yeye. Wa patron upo bado. Sijafaulu kuutoa na sijui kama nitafaulu. Kinanda chake ni kizuri kuliko chetu, nakubali. Juzi kijana mmoja mpiga gitaa, amekaa kwenye kile kiti changu, akaniuliza kwa adabu kama ilistahili. "Mama, yake banaisikiliza mingi kushinda yako. Sasa weye ulipata nini?"

Nilimwambia anywe chai yake.

Ningemweleza habari ya mwezi uliopita, lakini ningelia, na mteja alikuwa anangoja gauni. Mwezi uliopita tulihesabiwa. Jua kali, mstari umepinda hadi kwenye pampu, kijana mpya wa Kimalawi na kipaza sauti chake anasoma familia baada ya familia. Nilikuwa nimesimama nikiwaza kazi zangu. Akaita jina, na lilikuwa jina la mdogo wangu. Alikuwa mtu mwingine. Jina lenyewe ni la kawaida kwetu, na mwenyewe alikuwa msichana mmoja mbele kidogo yangu, mgeni, mtoto mgongoni, ambaye simjui. Akafungua mdomo ajibu.

Hakuwahi. Mstari mzima ulimjibia. Akina mama wa ndoo, wazee, vijana wa kabaza, watu ambao hawakuwahi kumwona mdogo wangu, waliitikia kwa pamoja kama tunavyoitikia kwenye wimbo: Iko! Kisha wakacheka wenyewe. Msichana akageuka kushangaa, mtoto akaamka. Kijana wa kipaza sauti akadhani hawakumsikia vizuri, akaliita tena, polepole, akilitamka vizuri.

Safari hii mdomo wangu ulifunguka, na nilijibu kabla yao.